Dawa isiyohitaji kipimo: nafuu kwa nani?

Agosti 2022, madaktari wa moyo waliokusanyika Barcelona walisomewa matokeo ambayo wengi wao hawakuyatarajia. Utafiti uitwao INVICTUS ulikuwa umewafuatilia wagonjwa zaidi ya 4,500 katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini. Wote walikuwa na moyo ulioharibiwa na rumatiki, ule ugonjwa unaoanza na maumivu ya koo ya utotoni yasiyotibiwa na kuishia kwenye vali, yaani milango ya moyo. Wote pia mapigo yao yalikuwa yamepoteza mpangilio, hali inayofanya damu ituame moyoni na kuganda. Nusu walipewa rivaroksabani, mojawapo ya dawa mpya za kuzuia damu kuganda. Nusu walipewa dawa za zamani za jamii ya warfarini. Upande wa dawa mpya walikufa 552. Upande wa zamani, 442.

Kabla ya hapo kesi ya warfarini ilionekana imeshakatwa. Ni dawa yenye adha, na anayeitumia hahitaji kuambiwa. Ini hutumia vitamini K kutengeneza baadhi ya protini zinazogandisha damu. Warfarini huzuia vitamini hiyo isirudie kazi, na damu inachelewa kuganda. Basi kila kinachogusa vitamini K kinagusa dawa. Wiki ya kisamvu, matembele au sukuma wiki kwa wingi, nguvu ya dawa inashuka. Metronidazole ya tumbo au flukonazole ya fangasi, inapanda. Dozi yenyewe haifanani kati ya mtu na mtu: mmoja anatosheka na miligramu 2 kwa siku, mwingine anataka 8. Ndiyo maana mgonjwa hutoka kliniki na karatasi iliyoandikwa kidonge kimoja Jumatatu, kimoja na nusu Jumanne, kimoja Jumatano, halafu arudi kupimwa INR, kipimo kinacholinganisha kasi ya damu yake kuganda na ya mtu asiyetumia dawa. Kwa wengi inatakiwa iwe kati ya 2 na 3. Chini ya hapo bonge la damu linaweza kumpiga kiharusi. Ikipanda sana anaweza kuvujia damu kwenye ubongo.

Tabia hii ya kukaa kwenye ukingo dawa ilizaliwa nayo. Miaka ya 1920, ng'ombe wa Kanada na Marekani walikuwa wakifa kwa kutokwa damu baada ya kula majani ya malisho yaliyovunda. Mwaka 1933 mkulima mmoja wa Wisconsin alifika maabara ya mwanakemia Karl Paul Link katikati ya dhoruba ya theluji, akiwa na mtamba aliyekufa, gunia la majani hayo na ndoo ya damu iliyokataa kuganda. Maabara ilihitaji karibu miaka 6 kuipata kemikali yenyewe. Mjukuu wa kemikali hiyo, warfarini, aliingia sokoni 1948 kama sumu ya panya, akaruhusiwa kwa binadamu 1954, na mwaka uliofuata Rais Eisenhower wa Marekani akapewa baada ya mshtuko wa moyo. Wagonjwa wakigundua habari ya panya hushtuka. Kwa kweli panya na mgonjwa wanakunywa kitu kilekile. Kinachowatenganisha ni kipimo cha INR.

Dawa mpya zilikuja kuufuta mzigo huo. Badala ya kuhangaika na vitamini K, zinakwenda moja kwa moja kwenye kiungo kimoja cha mnyororo wa kuganda: dabigatrani inazuia thrombini, na rivaroksabani na apiksabani zinazuia protini inayoitwa faktari Xa. Dozi ni moja kwa karibu wote, mboga ruksa, kipimo hakuna. Ushahidi wake si wa kubeza. Mwaka 2009, utafiti wa RE-LY kwa watu 18,113 ulionyesha dozi kubwa ya dabigatrani inapunguza kiharusi kwa takriban theluthi moja kuliko warfarini. Mwaka 2011, ARISTOTLE kwa watu 18,201 ulionyesha apiksabani inapunguza kiharusi, inapunguza kuvuja damu kukubwa na inapunguza vifo. Zote zilipunguza sana damu kumwagika kwenye ubongo, janga ambalo kila daktari anayeandika warfarini analiogopa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu.

Lakini soma ukurasa wa nani aliruhusiwa kuingia kwenye tafiti hizo. Mgonjwa ambaye vali yake ya mitrali imesinyaa kwa kiwango cha kutisha hakuingia. Mwenye vali bandia, ile inayoitwa ya chuma, hakuingia. Mgonjwa wa kawaida wa tafiti hizo alikuwa mzee wa miaka 70 hivi, mara nyingi mwenye presha. Sasa mtazame mgonjwa wetu. Utafiti wa REMEDY, uliosajili wagonjwa wa rumatiki 3,343 katika nchi 12 za Afrika pamoja na India na Yemen, ulikuta nusu yao wana umri wa miaka 28 au chini yake, na theluthi mbili ni wanawake. Mapigo yaliyovurugika yana jina moja kwa bibi wa Toronto na kwa msichana aliyelazwa hospitali ya Mulago au Muhimbili, ila moyo ulio chini ya mapigo hayo si mmoja. INVICTUS ndio utafiti mkubwa uliokwenda kumuuliza huyu wa pili, na jibu likatoka kinyume.

Kwa nini kinyume? Hapo wataalamu hawajakubaliana, na jambo lenyewe si jepesi. Viharusi vya damu kuganda vilikuwa vingi zaidi kwa rivaroksabani, 74 dhidi ya 48, ila tofauti hiyo haitoshi kueleza vifo 110 vya ziada. Wengi zaidi walikufa ghafla au kwa moyo kushindwa kusukuma damu. Maelezo mojawapo ni kwamba mtu wa warfarini alilazimika kufika kliniki kila mwezi kwa ajili ya INR, na aliyemtoboa kidole aliiona pia miguu iliyovimba, akauliza kuhusu pumzi, akaongeza dawa ya kutoa maji mwilini. Wa rivaroksabani hakuwa na sababu ya kwenda mara nyingi hivyo, na wengi zaidi katika kundi lake waliacha dawa kabisa. Kuna wanaopinga maelezo haya na kusema dawa yenyewe inatofautiana na warfarini kwa njia ambayo bado haijaeleweka. Mimi naegemea upande wa kliniki, japo najua haijathibitishwa.

Waungaji mkono wa dawa mpya wana hoja moja nzito ambayo haistahili kurukwa. Warfarini iliyoshinda Barcelona haikuwa warfarini ya wilayani. Wagonjwa walipoanza utafiti, ni asilimia 33 tu ya waliopimwa waliokuwa na INR ndani ya kiwango. Baada ya kupimwa kila mwezi kwa gharama ya watafiti ilipanda hadi kati ya asilimia 56 na 65. Kwenye REMEDY, ambako hakuna aliyebebwa na mradi, waliokuwa ndani ya kiwango ni asilimia 28. Mtu anayeishi mwendo wa siku nzima kutoka hospitali ya rufaa, anayepimwa INR mara 2 kwa mwaka, yuko kwenye warfarini gizani. Ushindi wa INVICTUS haumhusu moja kwa moja. Na akihesabu nauli, siku ya kibarua iliyopotea na mlo wa njiani, warfarini yake inayouzwa kwa bei ya chumvi imeshakuwa ghali.

Hoja hiyo ingenishawishi moja kwa moja kama dawa mpya zingekuwa rahisi kama zinavyonadiwa. Si rahisi. Rivaroksabani ya miligramu 20 ikimezwa bila chakula, ni theluthi mbili tu inayoingia mwilini. Maelekezo yanasema imezwe na mlo, na mlo wa kweli, si chai ya rangi. (Kwa anayefunga Ramadhani hii ni nafuu: moja kwa siku, pamoja na futari. Apiksabani ni mara mbili, na nafasi kati ya futari na daku hailingani na ile ya daku hadi futari.) Kidonge cha dabigatrani hakivumilii unyevu na kinatakiwa kibaki kwenye pakiti yake mpaka saa ya kumeza. Nani hajaona dirisha la dawa ambako vidonge vinahesabiwa na kumiminwa kwenye bahasha ya karatasi? Ukifanya hivyo na dabigatrani katika joto la Tanga au Mombasa, unampa mgonjwa dawa usiyoweza kuidhamini.

Halafu kuna kukatika kwa dawa. Nguvu ya warfarini huchukua siku kadhaa kwisha, kwa hiyo anayekosa vidonge Ijumaa kwa sababu stoo imekauka bado ana kinga kidogo Jumapili. Apiksabani ikikatika, kesho yake hana kitu. Ni faida anapotakiwa kufanyiwa upasuaji, na ni hatari pale ambapo stoo kukauka ni jambo la kawaida.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni rifampisini. Kwenye nchi zenye kifua kikuu kama zetu, mgonjwa wa moyo anayeanzishiwa dawa za TB si kisa cha kitabuni. Rifampisini inashusha nguvu ya warfarini, na inashusha pia nguvu ya dawa mpya. Tofauti ni kwamba kwa warfarini INR inaporomoka na mtu anaiona, anaongeza dozi. Kwa dawa mpya hakuna anayepima, kwa sababu sifa yake kubwa ni kutopimwa. Mgonjwa anameza kila siku kwa utiifu, na hana kinga.

Hata dharura ina hesabu yake. Mtu wa warfarini akivuja damu, hatua ya kwanza ni vitamini K, ileile sindano wanayochomwa watoto wachanga, na wodi ya wazazi iko karibu kila wilaya. Dawa mpya nazo zina za kuzipinga, ya dabigatrani ikiruhusiwa Marekani 2015 na ya jamii ya Xa 2018 (hii ya pili imeshaacha kuuzwa huko), lakini kwa bei ambazo hospitali ya wilaya haiwezi hata kuziulizia. Kwa haki niongeze: huyu wa dawa mpya ana uwezekano mdogo zaidi wa kuvuja ubongoni tangu mwanzo.

Na kuna kundi ambalo halina uchaguzi. Dabigatrani ilipojaribiwa kwa wenye vali za chuma, utafiti ulisimamishwa kwa sababu waliganda zaidi na kuvuja zaidi. Matokeo yalichapishwa 2013. Apiksabani ilijaribiwa kwenye aina moja ya vali hizo, nao ukasimamishwa 2022. Kijana aliyewekewa vali ya chuma, iwe India au Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, atatumia warfarini maisha yake yote. Akiwa mwanamke anayetaka mtoto, warfarini inaweza kumdhuru mimba changa, dawa mpya hazishauriwi kwa mjamzito, na kinachobaki ni sindano za heparini na uangalizi wa karibu mno.

Hapa ndipo ninapoiona hatari ambayo mjadala wa dawa ipi bora unaificha. Kwa mwenye bonge la damu mguuni, au mzee mwenye mapigo yaliyovurugika lakini vali nzima, apiksabani ni chaguo zuri na sioni sababu ya kumnyima ikiwa bima au mfuko wake unaruhusu. Bei nazo zinashuka kadiri hataza zinavyokwisha. Lakini hao wakihama, wanahama wale wenye bima, sauti na uwezo wa kulalamika. Kliniki ya INR itabaki na wasichana wa rumatiki na vijana wa vali za chuma. Kliniki yenye wagonjwa wachache na maskini ndiyo ya kwanza kukosa vitendanishi bajeti inapobanwa, na meneja atakuwa na jibu tayari: siku hizi kuna dawa isiyohitaji kipimo.

Kliniki ya namna hiyo inawezekana kuendeshwa vizuri. Eldoret, Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi iliwakabidhi wafamasia kazi ya kuwafuatilia wagonjwa wa warfarini kwa mashine ndogo za kutoboa kidole, na matokeo waliyochapisha 2011 yalikaribiana na ya kliniki za nchi tajiri. Hawakuhitaji bingwa wa moyo kila meza. Walihitaji mfamasia anayemjua mgonjwa, simu ya kumtafuta asipofika, na vipande vya kupimia visivyokatika.

Hivyo vipande ndivyo ningeviulizia kwanza kwenye mwongozo wowote mpya wa wizara, kabla ya jina la dawa. Orodha inayoongeza apiksabani huku ikiacha vipimo vya INR kwenye hospitali za rufaa pekee itakuwa imemhudumia mgonjwa wa RE-LY na kumwacha wa REMEDY pale pale, kwenye ile asilimia 28.