Simu yako usiku ina njaa ya mwanga

Mwezi uliopita mama mdogo alikuja Unguja kutoka Tanga, na jioni yake ya kwanza nikampeleka Forodhani. Alikula mishkaki, akanywa juisi ya miwa, kisha akasimama kwenye ukuta wa bahari, akaweka sawa mtandio wake na kuniambia, "Nipige moja mwanangu, wakaione nyumbani." Nikapiga kumi na moja. Zote zilitoka na ukungu wa manjano, taa za wauza vyakula zimeota michirizi mirefu, na uso wake mweusi tii kama kivuli. Aliziangalia akanyamaza. Kimya kile kiliniuma.

Kesho yake fundi mmoja aliishika simu dakika mbili tu, akasema kamera imekufa, nibadilishe. Nilikuwa tayari kumpa hela. Nikajiuliza: mbona mchana inapiga picha safi? Swali hilo natamani kila mtu ajiulize kabla hajafungua pochi. Kama mchana kweupe picha nazo zina ukungu, nenda kwa fundi. Kama tatizo linakuja na giza tu, mara nyingi kamera ni nzima.

Mkosaji kwangu alikuwa kile kioo chembamba cha kubandika juu ya lenzi, nilichowekewa siku ileile niliyobandikiwa protekta ya skrini. Nilipokibandua kwa ukucha nikakuta mafuta na vumbi vimejibana kati yake na lenzi. Mchana huoni kitu, lakini usiku kila taa ikipiga pale mwanga unatawanyika picha nzima. Nimekitupa na sitaki kingine. Lenzi yenyewe naifuta kwa kitambaa cha miwani kila ninapotaka kupiga, maana vidole vyetu havikosi mafuta.

Ukishafuta, inabaki njaa. Katika simu nyingi, kile kidude kinachopokea mwanga ndani ya kamera ni kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Mchana kinashiba kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Usiku kinataka muda, na muda huo wote mkono wako unatikisika. Simu isipopata muda inakuza ule mwanga mdogo ilioupata, na hapo ndipo chenga zinapojaa kwenye picha. Hali ya usiku, ambayo Google waliileta kwenye simu zao za Pixel mwaka 2018 kwa jina la Night Sight na Apple wakaiweka kwenye iPhone 11 mwaka 2019, hupiga picha kadhaa mfululizo na kuziunganisha ziwe moja. Inasaidia sana, ila inadai utulivu. Egemeza viwiko ukutani, weka taima ya sekunde 3 ili kidole kisiitikise simu, na anayepigwa naye atulie mpaka mwisho. Mtoto anayekimbia atatoka kama moshi.

Na usizumu. Lenzi ya kuvuta mbali kwa kawaida hupokea mwanga mchache kuliko lenzi kuu, na simu nyingi gizani huiacha bila kukuambia, zikakata kipande tu cha picha ya lenzi kuu na kukikuza. Sogea kwa miguu.

Kuna na ile mistari ya giza inayopita kwenye video, hasa penye taa za LED za bei ndogo. Watu wengi hudhani ni skrini. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na kila mzunguko mwanga hufifia mara mbili, kwa hiyo taa hizo hung'aa na kufifia mara 100 kwa sekunde, na kamera inayosoma picha mstari kwa mstari inaukuta ule ufifiaji. Baadhi ya simu zina mpangilio wa kuzuia kumetameta: chagua 50. Ndugu walioko Marekani au Saudia wachague 60.

Tatizo moja ni la kweli, na nasikitika vijana wetu hawaambiwi. Mwaka 2021 Apple walionya kwamba mtetemo mkali wa injini ya pikipiki unaweza kuharibu sehemu zinazotuliza lenzi na kuleta fokasi. Dereva wa bodaboda anayefunga simu kwenye usukani kutwa nzima afuate ramani, kamera yake ikianza kutikisa picha hata mchana, huyo asilaumu giza. Aitoe simu pale, aiweke mfukoni.

Sasa uso wa mama mdogo. Kwa miaka mingi maabara za picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Google walipotangaza Real Tone, mfumo wa kamera zao wa kuonyesha rangi za ngozi kwa usahihi, mwaka 2021, walikuwa wanakiri kwamba ngozi kama zetu zilisahauliwa. Kwa hiyo sikubali mtu aambiwe "wewe mweusi, usiku hutoki." Anatoka, akitafutiwa mwanga. Flashi siipendi: inafika mita chache, inaacha jasho liking'aa na nyuma yake kunakuwa shimo. Afadhali mtu wa pili awashe tochi ya simu yake kutoka ubavuni, mbele ya tochi hiyo ameshika karatasi nyeupe ya kulainisha mwanga. Na kipengele cha urembo kinachong'arisha ngozi, kizime kabisa. Kinafuta uso wa mtu.

Jioni ya mwisho tulirudi Forodhani. Safari hii nilimgeuza, akaitazama taa ya muuza urojo badala ya kuipa mgongo. Nikagusa uso wake kwenye skrini, nikashusha mwangaza kidogo ili usiku ubaki usiku, nikaegemea nguzo. Ikaonekana mikunjo ya pembeni mwa macho, hina vidoleni, mvuke wa bakuli, na bahari nyeusi nyuma yake. Nikamtumia WhatsApp kama dokumenti, maana ikienda kama picha ya kawaida inabanwa na giza linageuka mabaka. Kabla hajapanda boti aliniomba nimsafishie mbili, moja yake na moja ya bibi.