Tela la kazi, jenereta, na RCD isiyomkinga mtu

Kinachonikera ni lile boksi jipya jeupe kwenye ukuta wa tela la mafundi. Ndani kuna meni swichi, sakiti breka tatu na RCD ya miliampea 30, kile kifaa cha kukata umeme unapovuja. Fundi amebonyeza kitufe cha kujaribia, RCD imeruka, yaani imekata umeme, mwenye tela amelipa, na safari ya Urambo imeanza. Kama tela hilo linalishwa na jenereta ndogo na hakuna aliyeshughulikia nyutro (waya wa kurudishia umeme) ya jenereta hiyo, basi RCD ile haimkingi mtu yeyote. Nalisema wazi kwa sababu watakaoshika vyuma vya tela ni vijana wetu, na wameambiwa wako salama.

RCD inalinganisha umeme unaotoka kwa laivu, waya wenye moto, na ule unaorudi kwa nyutro. Tofauti ikifika miliampea 30 inatakiwa ikate ndani ya sekunde 0.3, ikiwa mara tano ya hapo, ndani ya sekunde 0.04. Ili tofauti hiyo itokee, lazima umeme uwe na njia nyingine ya kurudi ulikotoka, nje ya RCD. Umeme wa TANESCO unayo, kwa kuwa nyutro imefungwa ardhini kwenye transfoma. Jenereta ndogo za dukani mara nyingi hazina. Koili yake inayozalisha umeme inaelea, yaani haijagusa bodi (ganda lake la chuma) wala ardhi. Laivu ikigusa bodi ya mashine, umeme hauna pa kurudia, na kwa RCD kila kitu kiko sawasawa.

Fundi atauliza: mbona basi watu hawapigwi? Nakubali kwa shingo upande. Jenereta inayoelea, chombo kimoja, waya mfupi usio na kidonda, mtu mmoja: hapo kuna usalama kuliko wengi wanavyodhani. Lakini nani ana tela la kazi lenye chombo kimoja? Chukua vijana wawili wanaojenga bani la kukaushia tumbaku huko Sikonge. Mmoja ana kompresa ambayo laivu imegusa bodi. Mwingine ana drili ya mezani ambayo nyutro ndiyo imegusa bodi. Waya za athi, zile za kijani na njano za kuunga bodi na ardhi, za ekstensheni zote mbili zimekatika ndani ya plagi. Kila mmoja anaweza kufanya kazi kutwa bila kuhisi kitu. Siku watakapokamata bomba moja la chuma huku kila mtu akiwa na mkono kwenye mashine yake, volti 230 zitapita miilini mwao, kutoka laivu kwenda nyutro, na zote zitakuwa zimepita ndani ya RCD kwenda na kurudi. Haitakata. Kwake hao ni mzigo kama taa.

Na kile kitufe? Kinapitisha umeme kidogo kwenye rezista iliyo ndani ya RCD yenyewe, kutoka upande mmoja wa kifaa hadi upande wa pili. Hakihitaji athi hata kidogo. RCD itaruka hata kama tela zima halina waya wa kijani. Kinathibitisha kwamba mashine ya kukatia haijaganda, basi. Naomba mafundi tuache kukitumia kama ushahidi mbele ya mteja.

Dawa ni kipande cha waya: unganisha nyutro ya jenereta na bodi yake, sehemu moja tu, kabla ya RCD. Ukiunganisha baada ya RCD, umeme wa hitilafu unarudi kupitia RCD ileile na huoni tofauti yoyote. Na usiunganishe ndani ya boksi la tela, kwa sababu siku tela litakapochomekwa kwenye umeme wa nyumba pale Ipuli, kiungo hicho kitafanya chasisi ibebe umeme wa nyutro. Nyutro ikikatika njiani, tela zima linakuwa laivu. Kiungo kikae kwenye jenereta, kibaki na jenereta.

Kabla ya kuunganisha, pima. Zima injini, chomoa kila kitu, weka mita kwenye omu, pima kati ya tundu la athi la soketi ya jenereta na matundu mengine mawili. Mita isiposoma kitu kokote, koili inaelea. Ikisoma, washa injini upime volti za kila tundu kwa athi: 230 na 0 maana yake tayari imeungwa, iache, 115 na 115 maana yake athi iko katikati ya koili, na ukiunga hapo umepiga shoti nusu ya koili. Usianze na volti ukaruka omu, kwa sababu mita ya kidijitali kwenye koili inayoelea nayo huweza kuonyesha karibu 115 kila upande, nawe ukadanganyika. Jenereta za inveta, zinazotengeneza umeme wake kwa saketi za kielektroniki, ni habari nyingine: fuata kitabu chake, na kama kinakataza kuunga, usiunge. Inayoelea, tumia waya wa milimita 4 za mraba wenye lagi (vichwa vya chuma vya kufungia kwa bolti) zilizobanwa vizuri, kutoka tundu lenye alama ya N, yaani nyutro, hadi bolti ya athi ya jenereta. Kwenye jenereta breka ya nguzo moja, inayokata waya mmoja tu, mara nyingi iko upande wa pili, wa L (laivu), na ndiko inakotakiwa kubaki.

Sasa rodi, ile fimbo ya chuma ya athi. Mafundi wengi wanaamini rodi ya futi nne iliyopigwa pembeni ya tela ndiyo kinga. Fikiria udongo wetu wa Tabora mwezi wa tisa, mchanga mkavu. Rodi ikiwa na upinzani wa omu 200, volti 230 zinapitisha ampea 1.15. Breka ya ampea 16 haitajua kama kuna jambo, bodi itabaki na umeme mpaka mtu aiguse. RCD inakata kwa ampea hiyo bila tabu, ila jenereta ikiwa imekaa kwenye tela na imeungwa, umeme wa hitilafu unarudi kwa chuma na waya, siyo kwa udongo. Kwa hiyo kinachookoa ni waya wa kijani na njano kutoka kila soketi hadi bodi ya jenereta. Rodi piga, haidhuru kitu. Usiipe kazi isiyoiweza.

Chasisi nayo iingie humo. Kwangua rangi hadi chuma cheupe, funga waya wa milimita 10 za mraba kwa lagi, bolti ya milimita 8 na washa yenye meno, paka grisi. Milango yenye soketi iwe na waya wake laini unaovuka bawaba; bawaba yenye kutu na rangi haipitishi umeme wa kutegemewa. Paa la bati lililopigwa ribiti juu ya mbao, vilevile.

Breka za tela chagua aina B, inayokata papo hapo kwa ampea chache zaidi, siyo C. Aina C ya ampea 16 inahitaji hadi ampea 160 ili ikate papo hapo, na jenereta ya kVA 3, ambayo mzigo wake kamili ni ampea 13, haifiki huko hata ikipigwa shoti. Hii ndiyo sababu nashikilia RCD kwa nguvu: kwenye jenereta ndogo, breka peke yake ni dhaifu.

Waya wenye plagi dume pande zote mbili, utupwe leo. Tela liwe na plagi ya kuingizia ya bluu ya pini tatu, ampea 16 au 32, yenye kifuniko, na kebo inayoliletea umeme iishie kwa jike. Kebo iwe ya mpira: milimita 2.5 kwa ampea 16 hadi mita 25 inapoteza kama volti 7, ukienda mita 50 hamia milimita 4. Mashine ya kuchomelea ya ampea 160 ikifunguliwa hadi mwisho inaweza kuvuta karibu ampea 30; ipe soketi yake ya 32, waya wa milimita 6, na jenereta inayoiweza. Jenereta isiunguruke ndani ya tela lililofungwa. Moshi wake unaua bila harufu ya kumwamsha aliyelala.

Barabara za vumbi za Kaliua zinamaliza kazi nzuri upesi. Waya mgumu wa nyumba, wa uzi mmoja, unachoka na kukatika kwenye skrubu, tena mara nyingi ndani ya ganda ambako huoni. Tumia waya wa nyuzi nyingi wenye vikofia vya kubana, glandi (kibano cha kebo) kila unapoingia boksini, mpira kila tundu la chuma, vishikio kila sentimita 30. Baada ya safari ya kwanza, zima umeme, fungua boksi, kaza kila skrubu. Kisha kila miezi mitatu. Skrubu iliyolegea inachoma boksi kabla breka haijaona chochote, kwa kuwa ampea hazijazidi.

Mwisho wa kazi, nunua testa ya soketi yenye kitufe cha RCD. Hiyo inapitisha miliampea kama 30 kutoka laivu kwenda athi kwenye soketi yenyewe. Chomeka, bonyeza, RCD iruke. Rudia soketi zote, mara moja kwa jenereta na mara moja kwa umeme wa nyumba, ekstensheni zikiwemo. Soketi isiyorusha RCD usiikabidhi kwa mteja.