Presha kwa mwenye pumu ndogo: atenololi apewe au asipewe?

Mama mdogo ana pumu ya kubanwa mara mojamoja, baridi ikija au vumbi likizidi. Alipogundulika ana presha alianzishiwa enalaprili. Haikupita wiki tatu akawa anakohoa usiku kucha, kikohozi kikavu kisichotoa kitu. Sote tukasema pumu imemrudia. Akavuta pampu, akavuta tena, nafuu hakuna. Kumbe ni dawa yenyewe: enalaprili na wenzake wa kundi lake huwakohoza baadhi ya watu, wenye pumu na wasio nayo. Alipobadilishiwa losartani kikohozi kikakata.

Namtaja kwa sababu ukisikia watu wanabishana kuhusu presha na pumu, wanabishania atenololi na wenzake wa jamii ya beta bloka, dawa za kutuliza moyo, basi. Hofu ya wanaosema asipewe ina msingi. Propranololi, ya jamii hiyohiyo, iliyoanza kutumika miaka ya 1960, hutuliza moyo, lakini mapafuni huziba milango ileile ambayo salbutamoli, dawa ya kwenye pampu, hupitia ili kulegeza mirija ya hewa. Mtu anabanwa, anavuta pampu, dawa inakuta mlango umefungwa. Hata matone ya timololi, ya presha ya macho, yanaweza kumbana mwenye pumu.

Upande wa pili, wanaosema apewe, nao una hoja nzito. Atenololi na bisoprololi hulenga moyo zaidi. Uchambuzi wa tafiti mbalimbali uliotoka mwaka 2002 ulionyesha kuwa kwa wenye pumu isiyo kali, dozi moja ya dawa za aina hii ilishusha nguvu ya kutoa pumzi kwa wastani wa asilimia 7 hivi, na salbutamoli iliendelea kufanya kazi. Ila dozi ikipanda, ule ulengaji hupungua.

Kwa aliyepata shambulio la moyo, au ambaye moyo wake umechoka, nasimama na hawa: daktari amwanzishie dozi ndogo na kumfuatilia kwa karibu, kwa kuwa kumnyima kunaweza kugharimu maisha. Lakini kwa presha tupu sioni sababu ya kucheza na kifua cha mtu. Amlodipini ipo, bei yake si kubwa, na haibani mirija ya hewa.

Kinachoniumiza ni atenololi kuuzwa dukani kwa vidonge vya kuhesabu bila muuzaji kuuliza chochote. Mama mdogo siku hizi akienda kununua dawa ya presha hutoa kwanza pampu mkobani, akaiweka juu ya kaunta, ndipo aseme anachotaka.