Mishipa ya Upinde

"Mishipa mitupu?" Muuza nyama wa pale Sakina, Arusha, alibaki na kisu hewani. "Ya supu au ya mbwa, chalii?"

"Ya upinde."

Akanitazama, akawatazama wateja wengine, akanifungia kwenye gazeti bila kupima wala kudai hela.

Wa kulaumiwa ni jirani yangu, dereva wa watalii. Alinikuta uani natengeneza upinde kwa manila ya kufungia mbuzi, akacheka mpaka akaketi juu ya ndoo. Manila inavutika, akasema, nguvu yote inaishia kwenye kamba badala ya kuingia kwenye mshale. Wahadzabe, wawindaji wa Ziwa Eyasi, ambako hupeleka wageni, husokota kano za wanyama, yaani ile mishipa migumu inayoshikiza nyama kwenye mfupa, na pinde zao nyingine huzivuti bila nguvu ya kilo 30 na ushee. Nikajipapasa msuli wa mkono. Nikaona inawezekana.

Mti ulikuwa tayari. Kwanza nilikwenda kwa muuza mbao, akaniuliza nataka ya kenchi au ya kitanda. Upinde unataka nyuzi za mti zinyooke toka ncha hadi ncha. Zikikatikia ubavuni, utapasuka hapohapo. Za kwake zote zilikuwa na vifundo. Basi nikakata tawi la mgrivelea, bichi, maana bichi halivunjiki. Kweli halivunjiki. Ila ukilipinda, halirudi.

Kano zinataka jua na upepo, na pale kwetu vyote viwili vipo kwenye kamba ya nguo ya mama mwenye nyumba. Nikazibana kwa vibanio, katikati ya shuka zake nyeupe, nikaingia ndani kunywa chai.

Mbwa wa jirani hakuchelewa. Aliruka, akang'ata kano moja, akaning'inia. Nilitoka na kikombe mkononi nikashuhudia maajabu: kano imekaza, haikatiki! Kilichokatika ni kamba ya nguo. Ilikuwa manila.

Mbwa akatimua kuelekea barabara ya Namanga, kano mdomoni, kamba nyuma, shuka zikifuata kama maharusi wanaotoroka. Mama nyuma yake na mwiko. Mimi nyuma ya Mama, napiga kelele, "Mama, usiikate! Imeshika!"

"Nini imeshika, wewe mtoto?"

Vijana wa bodaboda walisimama juu ya pikipiki zao kushangilia. Mmoja akanipigia saluti.

Shuka zilirudi na rangi ya udongo. Kano haikurudi. Mama alinunua kamba mpya kwa hela yangu, kisha akauliza lile tawi la upinde nililokuwa nalikwangua liko wapi. Akalisimamisha katikati ya uwanja kuegemezea kamba, akaanika mablanketi mabichi juu yake.

Jioni nilipita kulitazama. Lilikuwa limepinda vizuri ajabu, na dereva alikuwa ameshalipiga picha.