Tanquam: neno linalowagawa wasomaji wa Spinoza

Mwanafalsafa Baruch Spinoza alifariki Februari 1677, na kitabu chake Ethica kikachapishwa mwaka huohuo. Fasili ya nne ya Sehemu ya Kwanza ina maneno 13 ya Kilatini: "Per attributum intelligo id, quod intellectus de substantia percipit, tanquam eiusdem essentiam constituens." Yaani: kwa sifa naelewa kile ambacho akili hukitambua kuhusu substansia, tanquam kuunda kiini chake. Inaeleza sifa za substansia, yaani kitu kinachojitegemea kwa kuwepo na kwa kueleweka, ambacho kwa Spinoza ni Mungu. Swali ni hili: je, fikra na uenevu (kutanda katika nafasi) ni sifa zilizomo kweli ndani ya Mungu, au ni namna akili inavyomtazama?

Anayefasiri kwa Kiswahili hana pa kujificha. Tanquam inaweza kuwa "kuwa" au "kana kwamba", na "kana kwamba" tayari humnong'oneza msomaji kwamba jambo si kweli. Kuna mtego wa pili: umbo la constituens halionyeshi jinsia, kwa hiyo linaweza kufuata intellectus au quod. Ngeli zetu zinataka jibu hapohapo: akili ikiunda kiini, au kile kikiunda kiini?

Mtego huu wa pili unateguka ukifungua Sehemu ya Pili, ufafanuzi wa pendekezo la 7. Spinoza anarudia maneno yaleyale, ila akili imewekwa kwenye ablativu, umbo linaloonyesha hapa mtendaji, ab infinito intellectu ("na akili isiyo na kikomo"), na constituens haiwezi tena kuifuata. Basi ni "kikiunda". Kosa la wengi ni kubishana juu ya fasili peke yake bila kutafuta mahali pengine mwandishi alipotumia muundo huo.

Tanquam ni ngumu zaidi. Mtaalamu wa Spinoza Harry Wolfson, mwaka 1934, alishikilia kwamba sifa hutokana na akili. Ana ushahidi: katika barua ya 1663 kwa rafiki yake Simon de Vries, Spinoza anasema sifa ni substansia yenyewe, ila huitwa sifa kwa kuhusishwa na akili. Anatoa mfano wa bapa linalorudisha miale yote ya mwanga bila kuibadili. Kwa anayelitazama, huitwa jeupe. Lakini barua hiyo imetangulia kitabu kwa miaka 14, na fasili iliyomo si hii.

Kwangu, upande wa pili, kwamba sifa zimo kweli ndani ya Mungu, una nguvu zaidi. Pendekezo la 31 la Sehemu ya Kwanza linaiweka akili chini ya sifa ya fikra. Kama akili ndiyo inayozaa sifa, basi imezaa kile kilichoizaa. Pendekezo la 30 nalo linasema akili hufahamu sifa za Mungu na hali zake, si kingine.

Hata hivyo Wolfson anaacha swali zito: sifa mbili tofauti kabisa, kila moja ikiwa kiini, zinakuwaje kitu kimoja? Kusoma tanquam kama "kuwa" hakulijibu. Ningeandika "hukitambua kuwa kinaunda kiini chake", na neno la Kilatini ningelibakiza pembeni, msomaji aone palipochaguliwa.