Filamu Zilizochekwa na Sisi wa Banda la Video

Filamu ya "The Phantom Menace", ya mfululizo wa hadithi za anga za juu wa "Star Wars", ilipotoka mwaka 1999, watazamaji wengi waliokulia "Star Wars" ya kwanza ya 1977 waliikejeli kwa mazungumzo yake makavu na kwa kiumbe wake mropokaji, Jar Jar Binks. Iliporudishwa katika majumba ya sinema mwaka 2024, ililakiwa kwa mapenzi. Maelezo ya kawaida ni kwamba watoto wa wakati ule sasa ni watu wazima, nao ndio wanaosikika. Sipingi, ila maelezo hayo yanasahau kwamba hata kejeli ya kwanza ilizaliwa na kumbukumbu, kwa kuwa wakosoaji wengi waliipima filamu hiyo kwa utoto wao wenyewe.

Sisi tuliolipa kiingilio katika banda la video la Chang'ombe, hapa Dodoma, hatukuwa na kipimo hicho. Mwenye banda aliweka CD aliyoipata, pengine sehemu ya tatu kabla ya ya kwanza, na kama ilikuwa imetafsiriwa, mtafsiri alijaza maneno yake mwenyewe, hata ukavu wa mazungumzo usitufikie. "Tokyo Drift" ya 2006, sehemu ya tatu ya mfululizo wa "Fast & Furious", iliyolaumiwa kwingine kwa kumkosa Paul Walker na kumwonyesha Vin Diesel mwishoni tu, hali wao ndio waliokuwa nyota wa sehemu ya kwanza, kwetu ilikuwa picha ya magari yanayokata kona kwa ubavu, na hilo lilitosha.

Hata hivyo, filamu hiyo haikuokolewa na kumbukumbu peke yake. Waandishi waliofuata waliweka matukio ya sehemu ya nne hadi ya sita kabla yake ili Han, mhusika aliyekuwa ameonekana kufa katika "Tokyo Drift", aendelee kuwapo, na hivyo filamu iliyoonekana kiraka ikawa nguzo ya mfululizo mzima.

Kwa Jar Jar ninasita zaidi. Ahmed Best, aliyemwigiza, alieleza mwaka 2018 kwamba dhihaka zilimfikisha kwenye kufikiria kujiua, na anastahili mapenzi anayoyapata sasa. Lakini waliosema kiumbe yule anafanana na vikaragosi vya zamani vya kuwadhalilisha watu weusi walikuwa na hoja, na hoja hiyo haijibiwi kwa kusema tulimpenda tukiwa wadogo.

Hivi karibuni niliitazama tena "Tokyo Drift" kwenye simu, bila tafsiri. Hadithi ni nyepesi kuliko nilivyoikumbuka. Han, anayetafunatafuna muda wote, bado anavutia. Nilichokikosa zaidi ni sauti ya mtafsiri, ambayo haikuwa ya filamu hiyo hata kidogo.