Bibi, sufuria na kuta za mwenye nyumba

Bánh tét, gogo la mchele unaonata lenye choroko na nyama ndani, haipikwi, inakeshewa. Kwetu kusini mwa Vietnam sufuria hukaa uani juu ya kuni usiku kucha. Lakini mwaka mpya wetu, Tet ya 1981, ulitukuta Lincoln, Nebraska, huko Marekani, ghorofa ya pili, nje theluji, madirisha yote yamezibwa kwa tepu ili baridi isiingie. Bà Ngoại, bibi yangu mzaa mama, akaamua: itapikwa humo humo jikoni.

Kila gogo lilikula vikombe viwili vya mchele unaonata, uliolowekwa tangu jana yake, ukachujwa, kisha ukakaangwa na tui na chumvi hadi tui likakauka. Juu yake kikombe cha choroko zilizokobolewa, zilizoivishwa kwa mvuke na kupondwa. Katikati, ukanda wa nyama ya nguruwe ya tumboni, uliolala kwenye sosi ya samaki na pilipili manga. Majani ya mgomba Nebraska utayatoa wapi? Tulifunga kwa karatasi ya aluminiamu, tabaka tatu, maana kamba ikikazwa sana huichana, maji yakaingia, na asubuhi unafungua uji.

Sufuria ilikuwa ya kanisa lililotupokea, ile wanayochemshia chupa za jamu. Maji sharti yafunike magogo saa zote nane, na yakipungua unaongeza ya moto tu. Ukitia ya baridi, mchele unabaki na kiini kigumu. Kwa hiyo birika nalo lilichemka pembeni. Sufuria inafuka, birika linafuka, dirisha halifunguki. Na mvuke, kwa taarifa yako, ndio mafundi wanaoutumia kubandulia karatasi za ukutani. Gundi ikilowa, hulegea.

Jikoni petu kuta zilibandikwa karatasi yenye picha za majogoo. Saa tisa usiku, pwaa! Safu nzima ya majogoo ikaporomoka nyuma ya jiko. Bà akaduwaa: kwa kalenda yetu ulikuwa unaingia mwaka wa Jogoo.

Saa kumi alfajiri tulipokuwa tunaopoa magogo, kengele ya moshi ikaanza kupiga kelele. Haibagui moshi na mvuke, ile. Ghafla mlango ukagongwa: mwenye nyumba, kavaa joho la kuogea na soksi moja.

Hapo ndipo Bà alipotaka kuzimia. Mgeni wa kwanza wa Tet ndiye anayeingiza bahati ya mwaka mzima, naye alishamwomba mzee mmoja mwenye mali na watoto wanane aje saa mbili asubuhi. Badala yake, soksi moja.

“Mwambie bibi yako afagie haya makaratasi,” mwenye nyumba akaniambia.

“Siku ya kwanza hafagii mtu!” Bà akajibu. “Anataka nifagie riziki yangu nje? Mwambie arudi baada ya siku tatu.”

Nikamgeukia mwenye nyumba. “Anasema karibu ndani.”

Akaenda kukagua bafu kama maji yanavuja. Akakuta magogo ya fedha yamening'inizwa mawili mawili kwenye fimbo ya pazia, yakichuruzika maji. Alirudi kinyumenyume, akauliza kwa sauti ya chini kama yanalipuka.

Bà akamkalisha. Akamenya gogo, akazungusha uzi, ncha moja akaing'ata kwa meno, akavuta: kipande kikakatika safi, mduara wa njano ndani ya mweupe. Kisu hunata, hakifai. Mwenye nyumba akala kimoja, akaongeza, akaongeza tena. Kisha akasimama, akaukwaruza ukuta kwa ukucha. Hata chembe ya gundi haikubaki. Kumbe kazi hiyo ya kubandua amekuwa akiikwepa miaka, na nyumba ya jirani yetu ina karatasi ileile. Akauliza sufuria hukaa jikoni kwa muda gani.

Bà aliposikia, alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

“Mwambie nyama alete yeye. Ya tumboni, na ngozi yake. Na avae soksi zote mbili.”